Kashe hiti ya databesi kwenye seva ya bakapu: isome hivi kabla hujaomba RAM

Wadau, nimetoka kumsaidia mwenzangu ambaye Bacula yake (programu ya bakapu) kila akitaka kurudisha faili inagota pale kwenye "Building directory tree", unasubiri mpaka unachoka, na yeye alishaanza kuandika ombi la kuongezewa RAM. Naweka hapa njia tuliyopita. Ni katalogi (databesi inayotunza rekodi za faili zilizochukuliwa bakapu) ya PostgreSQL, wa Bareos (ndugu yake Bacula) pia mtaitumia hivihivi ukiacha jina la databesi.

Hatua 1. Ingia psql (konsoli ya Postgres) kwenye databesi ya katalogi.

Hatua 2. Chukua namba:

`SELECT now(), blks_hit, blks_read, blk_read_time, stats_reset FROM pg_stat_database WHERE datname='bacula';`

blks_hit ni bloku (8 KB kila moja) zilizokutwa tayari kwenye shared_buffers (kashe ya Postgres yenyewe ndani ya RAM), blks_read ni zile Postgres ilizolazimika kuuomba mfumo endeshi. Gawa hit kwa jumla ya zote mbili, zidisha kwa 100, hiyo ndo asilimia yako ya kashe hiti.

Hatua 3. Usiiamini bado. Hapa ndo watu wanapotea kwa hiyo nitaongea sana.

Kwanza hizo namba zinajumlishwa tangu siku ya stats_reset, inaweza kuwa miezi, kwa hiyo shida ya usiku mmoja inapotelea humo kama kijiko cha chumvi kwenye pipa la maji, unaona 99% unashangilia wakati ristoo (kurudisha faili) imekwama. Piga hiyo amri kabla bakapu haijaanza, ipige tena ikiisha, toa ya kwanza kwenye ya pili, halafu ndo upige asilimia. Ristoo ipimie peke yake, maana bakapu kwa sehemu kubwa inaingiza rekodi mpya ila ristoo inachimba rekodi za siku nyingi ambazo hazimo tena kwenye kashe. Mimi naweka psql kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) iandike kwenye faili, basi, zile dashibodi zinazochora asilimia ya tangu mwanzo sizitaki kabisa. Na tafadhali usikimbilie pg_stat_reset(), inafuta pia hesabu ambazo autovacuum inazitegemea kujua jedwali lipi linahitaji kusafishwa.

Pili, blks_read sio lazima iwe diski, bloku inaweza kuwa imetoka kwenye kashe ya mfumo endeshi. Washa track_io_timing (kwa kawaida imezimwa, reload inatosha), kisha gawa blk_read_time kwa blks_read, zote zikiwa bado ni tofauti ya vile vipimo viwili vya kabla na baada. Ukipata sehemu ndogo sana ya milisekunde, diski haina kesi. Ukipata milisekunde kadhaa, diski ndo inakula muda wako.

Tatu, 99% yenyewe sio ndogo wala kubwa mpaka ujue ni ya ngapi. Maombi ya bloku yakiwa milioni 100, ile 1% iliyobaki ni bloku milioni 1, karibu GB 8. Diski ya kuzunguka ikichukua milisekunde 5 kwa kila bloku, hizo ni sekunde 5,000, zaidi ya saa moja na dakika ishirini!

Nne, angalia pg_statio_user_tables ujue jedwali lipi linasomwa sana, mara nyingi ni file. Likiwa linasomwa lote mwanzo mpaka mwisho na ni kubwa kuliko robo ya shared_buffers, Postgres inalipitisha kwenye kieneo kidogo ili lisifukuze vingine, kwa hiyo hata ukilisoma tena na tena halitulii kwenye kashe. Hapo kagua indeksi, piga ANALYZE (inasasisha takwimu za jedwali). Kwa mwenzangu ilikuwa indeksi, RAM haikununuliwa.

Hatua 4. Sasa ndo uguse shared_buffers. Ya kuanzia ni 128MB, ndogo mno. Weka kama 25% ya RAM, ukipita 40% mara nyingi hupati kitu. Kama storage daemon (kipande cha Bacula kinachoandika data za bakapu) inaandika volyumu kwenye mashine hiyohiyo usiipuuze hatua hii, maana zile data zinasukuma kurasa za katalogi nje ya kashe ya mfumo endeshi. Inahitaji kuristati Postgres, kwa hiyo piga `status dir` kwenye bconsole (konsoli ya Bacula) kwanza, jobu yoyote isiwe inakimbia.

Hatua 5. Punguza katalogi. File Retention (muda wa kutunza rekodi za faili kwenye katalogi) ya kawaida ni siku 60, kuna watu wameweka miaka. Ila rekodi za faili zikishafutwa huwezi tena kuchagua faili mojamoja, unarudisha jobu nzima, kwa hiyo kubaliana na wenye data kwanza.