Somo: Kutofautisha Fresko, Sekko, Tempera na Picha Nyingine za Ukutani

Watu wengi huita fresko kila picha iliyochorwa ukutani, hasa ikiwa ni ya kale na imo kanisani. Matumizi hayo si sahihi. Jina hili halielezi mahali picha ilipo, bali linaeleza namna rangi ilivyoshikamana na ukuta, na kwa maoni yangu anayelitumia ovyo huificha kazi iliyomtesa fundi kuliko kuchora kwenyewe. Fuateni hatua hizi kila mnapotaka kuipa picha jina lake.

Hatua ya kwanza: ulizeni rangi imeshikwa na nini. Rangi ya mchoraji ni unga pamoja na kitu cha kuushikiza. Katika rangi ya mafuta kishikizi ni mafuta yanayokauka, kama yale ya mbegu za kitani; katika tempera ya kale kwa kawaida ni kiini cha yai. Fresko halisi haitiwi kishikizi chochote: unga huchanganywa na maji matupu, kisha hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Ubichi huo ndio maana ya neno lenyewe katika Kiitaliano.

Hatua ya pili: eleweni kazi ya chokaa. Chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji hufyonza polepole hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kuwa kabonati ya kalisi, kitu kile kile kilichokuwamo katika jiwe la chokaa kabla halijachomwa tanuruni. Chembe za rangi hunaswa ndani ya fuwele zinazojengeka, hivyo picha huwa sehemu ya ukuta badala ya kuwa utando uliobandikwa juu yake.

Hatua ya tatu: tafuteni alama za siku. Fundi hupiga kwanza lipu ya mchanga wa chengachenga, na zamani alichora juu yake mchoro wa awali kwa udongo mwekundu, uitwao sinopia. Kisha hupiga tabaka laini la mwisho, intonako, lakini katika eneo lile tu analoweza kulimaliza kabla lipu haijakauka. Eneo hilo huitwa jornata, yaani kazi ya siku moja. Mkimulika ukuta kwa taa kutoka ubavuni, mara nyingi mtaona mishono ya majornata ikipita kwenye ukingo wa vazi au wa kichwa, mahali ambapo fundi alitaka isionekane. Rangi ikishanywewa na chokaa haifutiki, na aliyekosea vibaya hukwangua lipu na kuipiga upya. Dari ya Kanisa la Sistine, ambayo Michelangelo aliichora kati ya 1508 na 1512, ilijengwa kwa vipande vya namna hiyo.

Hatua ya nne: tenganisheni sekko. Hii ni rangi yenye gundi au yai iliyopakwa juu ya lipu iliyokauka. Mafundi wa fresko wenyewe waliitumia kwa nyongeza, hasa kwa buluu ya azuriti, madini ya shaba yaliyosagwa, na ndiyo hubanduka kwanza. Katika Kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova, Italia, ambako mchoraji Giotto alichora takriban mwaka 1305, yako mavazi ambayo buluu yake imepukutika ilhali nyuso bado zi imara.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci ni fresko?

Jibu: Hapana, ingawa huitwa hivyo mara kwa mara. Leonardo aliichora mjini Milano kati ya 1495 na 1498 juu ya ukuta mkavu, kwa kuwa alitaka kufanya kazi taratibu na kurudia sehemu alizokwisha kuzichora, jambo ambalo lipu mbichi hairuhusu. Picha ilianza kubanduka yeye angali hai.

Swali: Nyeupe ya risasi, yaani rangi nyeupe itokanayo na madini ya risasi, inafaa kwa fresko?

Jibu: Haifai, kwa maana huweza kugeuka nyeusi ukutani, kama ilivyotokea kwa picha za mchoraji Cimabue kule Assisi, Italia. Nyeupe ya fresko hutengenezwa kwa chokaa yenyewe.

Swali: Naweza kujaribu juu ya lipu ya saruji?

Jibu: Saruji hugandishwa na maji, si na hewa, na chumvi zake huweza kuchafua uso wa picha. Tumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu na mchanga uliooshwa, ukianza na kigae kidogo badala ya ukuta. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, kwa sababu chokaa hai huchemka ikikutana na maji. Hata iliyozimwa huunguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani ya kinga tangu unaposhika mwiko.