Gari la zamani linakunywa mafuta? Angalia themostati

Mafundi wengi huitoa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, gari likianza kuchemsha, na hairudishwi tena. Irudishe. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake, na kompyuta ya gari inaendelea kuongeza mafuta kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Dalili ni mshale wa joto kubaki chini hata safari ndefu. Kabla ya kuirudisha kwenye injini, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka: iliyo nzima inafunguka, ikipoa inajifunga. Ila kama rejeta imeziba, feni haizunguki au gasketi ya silinda hedi imeungua, tengeneza hayo kwanza, la sivyo litachemsha tena. Na kama mshale unakaa katikati siku zote, tatizo liko kwingine. Anza na plagi na breki zinazokamata.