Kuomba ruzuku ya diplomasia ya umma ukiwa kisiwani: kuanzia anwani hadi risiti ya boti

Nimekaa na vikundi vingi vya visiwani tukiandaa maombi ya ruzuku za diplomasia ya umma, yaani fedha za kujenga maelewano kati ya watu wa nchi mbili, hasa zile zinazotolewa na balozi za Marekani. Mara nyingi wazo huwa zuri, ila kisiwa chenyewe hakionekani kwenye karatasi. Anayepitia maombi anaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Hajui kwamba boti yenu huja mara moja kwa wiki mbili, wala kwamba watu arobaini ukumbini kwenu ni nusu ya kijiji. Mengi ya haya yanahusu namna ya kumfanya akione kisiwa chako kama kilivyo.

Hatua ya 1: Jua ni ubalozi gani unaokuhusu

Huenda hauko nchini mwako. Ubalozi wa Suva, huko Fiji, umekuwa ukishughulikia pia Kiribati, Nauru, Tonga na Tuvalu. Wa Port Louis unashughulikia Morisi na Shelisheli, na Wakomoro hufuata ule wa Antananarivo. Bridgetown inabeba Barbados na nchi sita jirani za Karibi ya Mashariki.

Ukishaujua, tafuta tangazo la ufadhili kwenye tovuti yake au kwenye Grants.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya matangazo ya ruzuku. Soma la mwaka huu. Vipaumbele hubadilika na serikali, na fedha pia: tarehe 20 Januari 2025 amri ya Rais ilisimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na vikundi vilivyokuwa vimepanga kazi kwa kutegemea matangazo ya zamani vikabaki njia panda. Kama tangazo haliko wazi, andikia kitengo cha diplomasia ya umma barua pepe fupi ya swali moja au mawili. Maafisa hawa hujibu, na swali zuri ni utambulisho wako wa kwanza kwao.

Hatua ya 2: Anza usajili leo, hata kabla ya kuandika mradi

Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya visiwani hufia.

Shirika linahitaji namba ya UEI, ambayo ni namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, pamoja na usajili kamili kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaopokea fedha zake. Namba hii ilichukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwezi Aprili 2022, kwa hiyo mwongozo wowote unaokuagiza utafute DUNS umepitwa na wakati. Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka. Ukipata barua pepe ya kukutaka ulipie, usilipe. Mtu binafsi anayeomba kwa jina lake mwenyewe hahitaji haya yote.

Tatizo ni anwani. Mfumo unataka mahali ofisi ilipo na haukubali sanduku la posta kama anwani ya makazi ya shirika. Sasa, visiwa vingi havina majina ya mitaa wala namba za nyumba. Watu hupokea barua posta na hujulikana kwa kijiji. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikuwa na cheti chenye jina refu la chama, taarifa ya benki yenye jina lililofupishwa, na bili ya umeme yenye jina la mwenyekiti. Karatasi tatu, majina matatu. Kila tulipowasilisha, ombi lilirudi. Tulipoteza wiki sita, na tangazo likafungwa tukiwa bado tunasubiri.

Tangu hapo nafanya hivi. Kwanza, chukua cheti cha usajili na unakili jina la shirika herufi kwa herufi, pamoja na nukta na mkato. Pili, nenda benki ukaombe taarifa yenye jina hilohilo na anwani ya mahali: jina la jengo, kijiji, kisiwa. Tatu, hiyohiyo ndiyo uiandike kila fomu. Kama nyaraka ziko kwa Kifaransa, Kiarabu au lugha nyingine, andaa tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kama cheti chenu ni cha zamani sana, omba kipya kwa msajili kabla hujaulizwa.

Hatua ya 3: Pima kama wazo lako ni diplomasia ya umma kweli

Fedha hizi zimewekwa kujenga maelewano kati ya watu wa nchi mbili. Mizizi yake iko kwenye sheria kama ile ya Fulbright na Hays ya mwaka 1961, iliyolenga mabadilishano ya elimu na utamaduni. Kisima, boti ya uvuvi, jengo la zahanati: vyote ni mahitaji ya kweli, lakini vina mifuko yake mingine. Balozi pia hukataa kampeni za siasa, shughuli za dini, ujenzi, biashara, na miradi ambayo faida yake kubwa ni kulikuza shirika lenyewe.

Karibu kila tangazo hudai kuwepo kwa sehemu ya Kimarekani: mtaalamu, taasisi, chuo au kipengele cha utamaduni. Usiichomeke mwishoni kama kiraka. Tuseme vijana wanataka kurekodi maarifa ya wazee wanaosoma njia baharini kwa nyota na mawimbi. Mtaalamu wa kumbukumbu za sauti kutoka chuo cha Marekani awafundishe kurekodi na kuhifadhi, kisha wanafunzi wake wajadiliane na wazee hao mtandaoni. Ukimtoa mtaalamu, mradi unayumba. Ukiwatoa wazee, hauna maana. Hicho ndicho kipimo changu.

Hatua ya 4: Andika namba zenye kisiwa ndani yake

Tuvalu nzima ina watu wapatao elfu kumi tu. Vijana 60 huko ni kundi kubwa, lakini mpitiaji aliyezoea miji mikubwa ataona 60 na kufikiri mradi ni mdogo. Mweleze.

Usiandike: "Vijana 60 watanufaika na mafunzo."

Andika: "Tutafundisha vijana 60 kutoka visiwa vitatu, ambao ni karibu nusu ya wanafunzi wote wa sekondari wa visiwa hivyo. Kila mmoja atarekodi mzee mmoja, na rekodi zitasikika kwenye redio ya taifa." Hesabu hiyo ipate shuleni, usiikisie.

Hatua ya 5: Bajeti

Safari za baharini zisimame mstari wake peke yake, zikiwa na idadi ya safari, nauli, na siku za ziada za kusubiri bahari itulie. Mtaalamu akisafiri kwa ndege kwa fedha za ruzuku, sheria humtaka atumie shirika la ndege la Marekani panapopatikana. Andika wazi ni kipande gani cha safari hakina. Gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja zinaweza kuombwa hadi asilimia 15 hata kama shirika halina kiwango lililokubaliana na serikali ya Marekani, tangu Oktoba 2024. Mchango wenu wenyewe usiutaje kama hamjaombwa, maana ukishaandikwa na kukubaliwa unakuwa deni.

Pombe hailipiwi. Kuhusu heshima za kimila, kama yaqona (mizizi ya kava ya kutengenezea kinywaji cha kimila) anayopelekewa mkuu wa kijiji huko Fiji kabla mgeni hajaingia, muulize afisa wa ruzuku mapema. Mila hiyo ndiyo mlango wa kijiji, kwa hiyo ieleze kwenye andiko hata kama gharama yake italipwa kwingine.

Hatua ya 6: Kutuma

Fomu za msingi kwa shirika ni SF-424, ya ombi lenyewe, na SF-424A, ya bajeti. Angalia saa ya mwisho ni ya wapi. Kiritimati, huko Kiribati, iko saa 14 mbele ya saa ya dunia (UTC), mbili mbele ya Suva na 18 au 19 mbele ya Washington. Mimi hutuma siku tatu kabla, kwa sababu intaneti ya kisiwani hukatika siku unayoihitaji.

Hatua ya 7: Ukipata

Kwa kawaida utatoa taarifa ya kazi na ya fedha kila robo mwaka, na nyaraka hutunzwa miaka mitatu baada ya taarifa ya mwisho ya fedha. Nahodha wa boti hana kitabu cha risiti. Beba chako. Andika tarehe, safari, idadi ya abiria na kiasi, naye aweke sahihi au dole gumba palepale gatini, kabla hamjashusha mizigo. Piga picha siku hiyohiyo, kwani chumvi na unyevu hula karatasi, na risiti za mashine hufifia zikawa nyeupe kabla mkaguzi hajafika.