Jinsi ya Kunakili Anwani za Baruapepe za Miaka ya 1980 Bila Kuzipotosha

Anayeingiza kwenye hifadhidata anwani zilizochapwa kwenye barua za zamani hushawishika kugeuza kila herufi kuwa ndogo, kama zifanyavyo programu nyingi za leo. Kwa anwani za wakati ule, njia hiyo huweza kufuta tofauti ambayo haitarudishwa tena. Basi andaa safu mbili, moja ya anwani kama ilivyochapwa, nyingine ya anwani iliyosawazishwa, na mabadiliko yote yafanyike katika safu ya pili pekee.

Hatua ya kwanza: shughulikia upande wa kulia wa alama ya @. Hapa unaweza kugeuza herufi zote kuwa ndogo bila wasiwasi, kwa kuwa majina ya kompyuta hayakutofautisha ukubwa wa herufi. Waraka wa RFC 952 wa mwaka 1985, mmojawapo wa nyaraka za kanuni za intaneti ziitwazo RFC, uliruhusu herufi, tarakimu, kistari na nukta, na jina lisizidi urefu wa alama 24. Ukikuta mstari wa chini (_) katika sehemu hii, shuku kosa la mchapaji.

Hatua ya pili: upande wa kushoto uache kama ulivyo. RFC 821, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, uliweka kikomo cha alama 64 kwa jina la mtumiaji na kuagiza kwamba ukubwa wa herufi uhifadhiwe, kwa sababu baadhi ya kompyuta ziliutofautisha. Katika Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, “juma” na “Juma” waliweza kuwa watu wawili. Hata hivyo, “JUMA” yenye herufi kubwa tupu haiaminiki sana katika anwani ya Unix: mfumo ulipopokea jina la kuingilia la namna hiyo, ulidhani mtumiaji ameketi mbele ya mashine isiyo na herufi ndogo, kama Teletype Model 33, ukazigeuza zote kuwa ndogo. Yaelekea herufi hizo kubwa ni mapenzi ya mpiga chapa. Weka maelezo pembeni, usisahihishe. Jina “Postmaster” pekee lilitakiwa kupokelewa kwa herufi za aina yoyote.

Hatua ya tatu: angalia kama anwani ni ya BITNET, mtandao wa zamani wa kompyuta za vyuo vikuu. Kompyuta za IBM zilizotawala mtandao huo zilitumia majina ya herufi kubwa yasiyozidi nane, hivyo Mwakatobe angeandikwa MWAKATOB. Usiongeze herufi iliyokatwa. Alama ya asilimia katikati, kama katika MWAKATOB%KITUO.BITNET, huonyesha kwamba barua ilipitia kompyuta ya lango, yaani iliyounganisha mtandao mmoja na mwingine, ambayo jina lake hufuata baada ya @.

Hatua ya nne: anwani za UUCP, njia ya kompyuta za Unix kupitishiana barua, zenye alama za mshangao, mfano “kituo1!kituo2!juma”, husomwa kama njia kutoka kushoto, na mtumiaji huwa wa mwisho. Usibadili mpangilio wala ukubwa wa herufi. Kwa CompuServe, huduma ya mtandao ya kulipia ya Marekani, nambari ya mtumiaji yenye mkato iliandikwa kwa nukta kabla ya @compuserve.com, kwa kuwa katika baruapepe ya intaneti mkato hutenganisha wapokeaji; na kwa vile nambari hizo zilitumia tarakimu 0 hadi 7 tu, ukiona 8 au 9 irudie karatasi yenyewe.