Kabla ya Dipoziti, Mwambie Mteja Pazia Halitafanya Nini

Nashona mapazia Kariobangi, Nairobi; vitambaa nanunua Eastleigh. Wateja wangu wengi ni wa simu: wanaona picha, wanatuma dipoziti kwa M-Pesa, mzigo unaenda na boda. Hawajagusa kitu, wananunua neno langu.

Niliwahi kuandika chini ya picha: "Yanazuia mwanga wote, giza totoro." Dada mmoja wa Umoja akachukua jozi mbili. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, hulala mchana. Siku ya pili alinitumia picha. Kitambaa chenyewe hakikupitisha kitu, lakini juu ya bomba la kutundikia pazia na pembeni mwa ukuta jua la saa nne lilikuwa linapenya, mstari mweupe hadi kwenye mto. Mimi nilijua mwanga hupita pale. Yeye hakujua, na sikumwambia. Nilimrudishia pesa zote, ila usingizi wa siku zile sikuweza kumrudishia.

Sasa kabla ya bei nauliza: "Pazia hili unataka likufanyie nini?" Anayelala mchana namweleza kwamba kitambaa kizito pekee hakitoshi. Bomba lipande juu ya dirisha na lizidi kila upande kama sentimita 20, na hata hivyo mwanga kidogo utabaki. Anayetaka tu sebule ipendeze hahitaji kitambaa cha bei hiyo, nami namwambia, hata kama faida yangu inapungua.

Vipimo ndivyo vinavyoleta ugomvi zaidi. Mteja akisikia "pazia la mita 2" anaona dirisha lake la mita 2 limefunikwa vizuri, na mikunjo juu. Mikunjo mizuri hula kitambaa mara mbili ya upana, kwa hivyo dirisha hilo linataka mita 4. Ukiweka picha iliyoshonwa kwa mita 4 ukaandika bei ya mita 2, umemdanganya, hata kama kila neno ulilosema ni kweli. Andika bei ya kinachoonekana. Taja na visivyokuwemo: bomba, fundi wa kutundika, boda.

Picha piga mchana karibu na dirisha. Chini ya taa ya njano, rangi ya maziwa hutoka kama dhahabu. Na nikijua nitamaliza Jumatano, nasema Ijumaa, maana stima hupotea.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kupewa habari anazohitaji ili zimfae. Hiyo si ya wateja wa kampuni kubwa pekee. Mama anayetuma shilingi 1,500 kutoka Rongai anayo pia.

Kwa hivyo kabla ya dipoziti natuma ujumbe huu: "Mama, mita 4, rangi ya maziwa, bomba halimo, mwanga kidogo utapita pembeni, Ijumaa jioni." Asipojibu "sawa", makasi sishiki.