Silensa inapopanda na kushuka: kutafuta chanzo katika Toyota ya zamani

Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, au Starlet yenye 4E-FE, mara nyingi humfikia mmiliki wake wa tatu au wa nne ikiwa na tabia moja ya kuudhi. Ukisimama kwenye foleni bila kukanyaga mafuta, injini inapanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, inashuka hadi 800, kisha inapanda tena, kana kwamba kuna mtu anayeichezea pedali. Huo mzunguko wa injini wakati mguu hauko kwenye mafuta ndio mafundi wetu huuita silensa, na katika magari ya petroli ya aina hii unapaswa kutulia baina ya 650 na 800 hivi injini ikishapata moto. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, kupanda hadi 1,200 au zaidi kwa dakika chache si ugonjwa.

Kabla ya kushika bisibisi, tambua kwanza gari linafanya nini hasa, kwa kuwa neno “silensa mbovu” hubeba matatizo manne yasiyo na undugu. Mpando na mshuko wenye mpigo sawa, kama kupumua, huelekeza kwenye hewa inayoingia mahali pasipostahili. Injini inayotikisika ovyo huku ekzosi ikitoa mipigo iliyokatika ina misi, yaani kuna silinda isiyochoma. Gari linalotaka kuzima ukiweka gia D au ukiwasha AC linakosa hewa ya kutosha kubeba mzigo huo. Ikiwa mshale wa mizunguko umetulia kabisa lakini usukani na viti vinatetemeka, angalia maunti zinazoshikilia injini, na uiache throtali ya watu, yaani mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini.

Anza na maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa, kwa sababu kufungua mfuniko wa rejeta ya moto ni kujitafutia majeraha. Katika injini hizi maji hupita pia kwenye throtali kupitia mipira miwili midogo. Maji yakipungua, hewa hujikusanya kwenye mfumo, na sensa ya joto iliyozungukwa na hewa badala ya maji huweza kuiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi. Jaza maji, washa injini hadi feni ifanye kazi, acha ipoe, kisha kagua tena kiwango chake.

Kama maji yako sawa na injini bado inapumua, elewa kwanza kinachotokea ndani. Injini hizi mbili hazipimi hewa kwa kuihesabu inapoingia; zina sensa ya vakyumu inayosoma mgandamizo ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Mpira wa hewa uliounganishwa na manifoldi ukipasuka, hewa ya ziada inaingia, sensa inaiona, kompyuta inaongeza petroli ilingane na hewa hiyo, na mzunguko unapanda. Throtali imefungwa na mzunguko uko juu, kwa hiyo kompyuta inadhani dereva ameachia mafuta akiteremka mlima, nayo inakata petroli. Mzunguko unaporomoka, petroli inarudishwa, na mchezo unaanza upya. Kompyuta iliyo nzima hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana kubadilisha kompyuta kwa tatizo hili ni kutupa fedha. Injini kama 1NZ-FE, ambayo hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na eya klina, huchukua njia nyingine: hewa iliyoingia nyuma ya sensa haihesabiwi, petroli inakuwa pungufu, na injini inatikisika zaidi kuliko kupanda.

Kagua basi kila mpira unaotoka kwenye manifoldi, na usitosheke na macho. Starlet yangu ilizunguka gereji mbili, na katika mojawapo fundi alikaza skrubu ya kituo cha throtali ili “kuipandishia silensa”, jambo lililozidisha ugonjwa. Mpasuko niliugundua kwa kidole, upande wa chini wa mpira wa vali ya PCV (vali inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), palipogeuka kuwa laini kwa oili. Ukiutazama kwa juu, mpira ule ulikuwa mzima kabisa. Usipoona wala kuhisi kitu, bana mipira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa, huku injini ikiunguruma. Ule utakaotuliza silensa ukibanwa ndio wa kufuatilia hadi mwisho wake. Usiisahau pampu ya pawa stelingi, ambayo katika baadhi ya magari haya ina mipira miwili myembamba ya kupandisha silensa usukani unapokatwa. Mpira wa buusta ya breki nao una kipimo chake: silensa ikibadilika sana kila unapokanyaga breki, buusta huenda inavuja. Kwenye gasketi ya manifoldi nyunyizia maji kidogo mbali na distribyuta inayogawa umeme wa plagi, usikilize kama mlio unabadilika. Wapo wanaonyunyizia petroli, na hao hufanya hivyo kwenye injini ya moto.

Mipira ikiwa mizima, zamu ni ya vali ya silensa, iliyofungwa kwenye mwili wa throtali. Vua mpira mkubwa wa hewa kwenye mdomo wa throtali, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, utaona tundu dogo mbele ya kibati cha throtali. Liziba kwa kidole. Kupanda na kushuka kukikoma, na injini ikatulia chini au ikazima, hewa ilikuwa inapita hapo na vali ndiyo mshukiwa. Isipojali kidole chako, rudi kwenye mipira na gasketi. Kipimo hiki hakifai kwa 1NZ-FE, kwa kuwa ukivua mpira ule sensa yake inapoteza hesabu.

Vali hiyo mara nyingi haijafa. Imeganda kwa masizi. Ifungue kwa bisibisi inayokaa barabara, kwa maana skrubu zake ni laini na huliwa vichwa upesi. Isafishe kwa dawa ya throtali bila kuloweka upande wenye umeme, na ubadilishe gasketi yake kama imekakamaa.

Kwa injini yenye misi, chomoa soketi ya nozeli (kinyunyizia petroli) moja kwa wakati, injini ikiunguruma. Silinda ambayo ukiichomolea soketi injini haibadiliki ndiyo isiyofanya kazi; kagua plagi, waya na nozeli yake kabla ya kununua seti nzima.

Corolla 110 na Starlet nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazikubali mashine za kisasa za kusomea kodi, yaani namba za makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta. Tafuta kiboksi chenye maandishi DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikimeta mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Mimeto miwili, kituo, kisha miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji; 31 ni sensa ya vakyumu, na 41 ni sensa ya throtali. Hakikisha majina ya matundu kwenye mfuniko kabla ya kuingiza waya.

Ukimaliza matengenezo, chomoa waya hasi wa betri kwa dakika chache kisha uurudishe. Silensa inaweza kuyumba kidogo wakati kompyuta inajifunza upya, kwa hiyo endesha siku moja au mbili, ukiwasha na kuzima AC, kabla ya kuamua kwamba bado kuna kasoro. Ikiwa baada ya hayo yote silinda moja bado haichomi, na plagi yake ni mpya na nozeli yake inafanya kazi, dai fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.