Somo: Kazi ya likizo ya Desemba kwa Darasa la 5 na la 6 (kipimamvua cha chupa)

Karatasi ya maswali 50 iliyodurufiwa ina kasoro moja kubwa: mtoto mmoja anaifanya, wengine wananakili usiku wa kuamkia kufungua shule. Kazi ya likizo inayofaa ni ile ambayo majibu yake yanapatikana nyumbani kwa mtoto huyo tu, na ambayo mwalimu anayahitaji ili aweze kufundisha wiki ya kwanza. Mvua inatimiza yote mawili. Desemba vuli bado ipo Pwani, Tanga na Kanda ya Ziwa, na huko Dodoma, Iringa na Ruvuma mvua za msimu zimeshaanza.

Vifaa kwa kila mtoto: chupa tupu ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, kokoto za kujaza kiganja, rula, selotepu, kalamu ya wino usiofutika, kijiti imara na kamba.

1. Tengenezeni darasani wiki moja kabla ya kufunga. Ukiwaachia wakatengeneze nyumbani, nusu hawatatengeneza.

2. Kata chupa pale bega linapoishia na ubavu kuanza kunyooka. Akate mwalimu au mzazi. Zungushia selotepu kwenye ukingo, maana plastiki iliyokatwa inachana vidole.

3. Weka kokoto chini, kisha mimina maji hadi yafunike kokoto na kufika sehemu iliyonyooka. Chora mstari hapo: ndiyo sifuri. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo ukipimia kutoka chini kabisa kila namba itakuwa na makosa. Kokoto pia zinazuia upepo usiangushe chupa.

4. Kutoka kwenye sifuri panda kwa rula, ukichora alama kila milimita 5. Angalia rula yenyewe: nyingi zina nafasi kidogo kabla ya 0.

5. Geuza kile kichwa ulichokata, mdomo uangalie chini bila kifuniko, ukichomeke juu kama faneli. Kinapunguza maji yanayokauka kwa jua.

6. Funga chupa kwenye kijiti mahali pa wazi, mdomo wake ukiwa juu ya ncha ya kijiti na angalau sentimita 30 kutoka ardhini, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Umbali kutoka kwenye nyumba au mti uwe mara mbili ya kimo chake: nyumba ya mita 3, kaa mita 6. Chini ya mwembe utapima maji ya majani.

7. Kusoma ni kila siku saa 3 asubuhi. Jicho liwe usawa wa maji, na usome sehemu ya chini ya mkunjo wa maji, siyo pembeni yanapopanda kwenye plastiki. Baada ya kusoma, mwaga au ongeza maji hadi mstari wa sifuri, hata kama mvua haikunyesha. Asiyeongeza siku za jua, mvua ndogo ya kesho itapotelea kwenye pengo. Kukiwa na radi, mtoto abaki ndani, maji yatamsubiri.

Daftari lina safu nne: tarehe, saa aliyosoma, milimita, na maelezo mafupi ("ilianza usiku, upepo mkali"). Sisitiza hili mpaka waliseme wenyewe: 0 maana yake nimepima na hakuna mvua, kistari maana yake sikupima. Mtoto anayeandika 0 siku aliyosahau anaharibu jumla ya mwezi mzima. Kwenye alama, mpe haki sawa aliye na vistari vitano vya kweli na aliyejaza siku zote.

Shule ikifunguliwa, anza na hesabu ya bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Nyumba inayofunika mita 4 kwa 6 (pima chini, siyo mteremko wa bati) ina mita za mraba 24. Ikinyesha milimita 15, ni lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20, kabla ya kutoa yanayovuja na kumwagika. Hapo ndipo mtoto anayechota maji kisimani anapoona kazi ya kuzidisha. Grafu ya nguzo na wastani vifuate.

MASWALI YA WALIMU

Swali: Chupa zinazopatikana huku zote zina mikunjo ubavuni. Nifanyeje?
Jibu: Tumia kopo lolote lenye mdomo wa mviringo na pima kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Kopo lisiwe na kokoto wala maji ya kuanzia. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 8 una eneo la sentimita za mraba 50 hivi, kwa hiyo kila mililita 5 ni milimita 1 ya mvua.

Swali: Nitajuaje kama mtoto amebuni namba?
Jibu: Namba za kubuni hupenda kuishia na 0 na 5, na safu ya maelezo huwa tupu. Usimhukumu kwa kutofautiana na jirani. Mvua inaweza kunyesha mtaa huu na kuacha wa pili. Muulize tu habari za siku moja yenye mvua kubwa.

Swali: Akisafiri kwa bibi katikati ya likizo?
Jibu: Abebe chupa, apige mstari kwenye daftari na kuandika jina la kijiji. Jumla zihesabiwe mbalimbali.

Swali: Nina wanafunzi 90. Nasahihishaje?
Jibu: Usikusanye madaftari yote. Wapange kwa vitongoji, kila kundi lijaze jedwali moja kwenye karatasi ya manila, wewe ukague madaftari mawili au matatu kwa kila kundi.

Swali: Na likizo ya Juni, ambapo kwetu ni kiangazi?
Jibu: Wapime kivuli. Kijiti cha mita 1 kisimame wima juani, wapime urefu wa kivuli kila dakika 10 kuanzia saa 6:00 hadi 7:15 mchana na kuandika kilicho kifupi kuliko vyote. Karibu na tarehe 21 Juni, Mwanza kitakuwa kama sentimita 49, Songea kama 68, na kote kitaelekea kusini. Usiwaambie wapime saa 6 kamili tu: Dar es Salaam kivuli kifupi hutokea karibu saa 6:25, Mwanza karibu saa 6:50.